Nani aliandika mapigo ya Josh Gibson?

Wadau, nimekuwa kimya hapa kibarazani karibu wiki mbili, na wapo walioanza kuuliza kama nimehamia dawati la siasa. Sijahama. Nilikuwa mkoani nafuatilia ligi ya wilaya, na usiku wangu wote umeliwa na ubishi wa simu kuhusu mchezo ambao najua wengi wenu hamna habari nao: besiboli.

Mbishi mwenzangu ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyeko Baltimore, Marekani, mwaka wa kumi na mbili sasa. Alipoondoka hapa alikuwa Yanga wa kufa mtu. Kule akakuta mechi za Yanga zinachezwa yeye yuko kazini, basi taratibu akaangukia mchezo wa wenyeji. Anapofanyia kazi kuna wazee wawili, mmoja mweusi na mmoja mzungu, ambao kila wakati wa chakula wanabishana nani alikuwa mpigaji bora wa besiboli tangu mchezo huo uanze. Hawajawahi kumaliza. Kaka akizidiwa hoja ananipigia mimi, eti kwa sababu mimi ndiye niliyesomea uandishi. (Kwake ni saa kumi na mbili jioni, kwangu ni saa saba usiku. Hilo halimhusu.)

Kabla sijafika kwenye ugomvi wenyewe, niwaeleze kidogo jinsi hawa jamaa wanavyobishana. Sisi vijiweni tunabishana kwa kumbukumbu na sauti, na mwenye koo pana ndiye mshindi. Wapenzi wa besiboli wanabishana kwa namba. Mchezo wao unahesabika hatua kwa hatua, na hesabu zake zimetunzwa tangu karne ya 19. Mtu ambaye baba yake hakuwahi kumwona Babe Ruth atakuambia Ruth alipiga homurani 714. (Homurani ni pale mpigaji anapoupeleka mpira nje ya uzio, kisha anazunguka vituo vyote vinne taratibu kama mtu anayetoka kuchukua mshahara.) Atakuambia 60 kati ya hizo alizipiga mwaka 1927, na kwamba mwaka huo timu yake, New York Yankees, ilishinda mechi 110 na kufungwa 44, halafu ikaichapa Pittsburgh Pirates mechi nne mfululizo kwenye fainali ya World Series. Kwa hiyo, atasema, hakuna timu iliyowahi kuifikia ile. Mwenzake atajibu kwamba Yankees ya 1998 ilishinda mechi 114. Wa tatu ataleta Cincinnati Reds ya 1975.

Hapo bado hamjamgusa Barry Bonds, aliyemaliza na homurani 762 mwaka 2007 na bado yuko nje ya Jumba la Mashujaa la Cooperstown kwa sababu ya tuhuma za dawa za kuongeza nguvu. Wala Pete Rose, mwenye mapigo 4,256, aliyefungiwa mwaka 1989 kwa kamari, akafariki Septemba 2024 akiwa bado kifungoni, na kifungo kikaja kuondolewa Mei 2025 akiwa kaburini. Vijana nao wana Shohei Ohtani, Mjapani anayerusha na kupiga, ambaye Oktoba 2025 alipiga homurani tatu katika mechi ileile aliyowaangusha wapigaji kumi kwa urushaji wake. Hao wote nawaachia wenyewe. Ubishi ninaoutaka mimi ni mmoja, na naamini ndio mkubwa kuliko yote.

Kwa miaka mingi swali la nani ana wastani mkubwa wa kupiga kuliko wote lilikuwa na jibu moja: Ty Cobb wa Detroit Tigers, aliyecheza tangu 1905 hadi 1928. Wastani wake ni .367, maana yake katika kila zamu 1,000 za kupiga alifanikiwa mara 367. Mnaona ndogo? Mrushaji anautupa mpira mgumu kwa mwendo wa basi la Mbeya, kutoka umbali wa mita 18 na ushee, na mpigaji ana gongo la mbao mkononi. (La mbao, jamani, si lile mnalolijua.) Akifikisha .300 anaitwa fundi.

Mwishoni mwa Mei 2024 ofisi ya ligi kuu ya besiboli Marekani ikatangaza kwamba imeingiza kwenye vitabu vyake takwimu za ligi za watu weusi, zile zinazojulikana kama Negro Leagues, za tangu 1920 hadi 1948. Zilikuwa ligi saba. Wachezaji zaidi ya 2,300 wakaingia kwenye kumbukumbu kwa mkupuo. Na Cobb akashuka! Juu yake sasa yuko Josh Gibson, wastani .372. Haikuishia hapo. Babe Ruth alikuwa anaongoza kwa nguvu za kupiga, hesabu inayompa mtu alama zaidi kadiri pigo lake linavyomfikisha vituo vingi. Yeye ana .690. Gibson akampita kwa .718. Na rekodi ya msimu mmoja ikawa ya Gibson pia, .466 ya mwaka 1943, ikaifukuza ile .440 ya Hugh Duffy iliyokuwa imekaa hapo tangu 1894.

Kaka alinipigia akiwa amevimba.

"Mdogo wangu, wewe umesoma. Hebu niambie. Mtu akikimbia mita mia nane vizuri sana, utampa medali ya marathoni?"

Nilimwambia nitamjibu kesho yake, kwa sababu swali lake si la kijinga hata kidogo. Nikaanza kusoma. Nimesoma mpaka nimesahau kuandika humu.

Josh Gibson alizaliwa Desemba 1911 Georgia, kusini mwa Marekani, familia yake ikahamia Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma. Alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuudaka mpira wa mrushaji mchana kutwa, kazi inayoua magoti. Mdakaji huwa hategemewi sana kwa kupiga. Gibson alianza na timu ya Homestead Grays mwaka 1930 akiwa na miaka 18, akahamia Pittsburgh Crawfords, kisha akarudi Grays. Wanaosimulia habari zake wana utani mmoja kwamba siku moja aliupiga mpira Pittsburgh ukapotea mawinguni, kesho yake timu iko Philadelphia mpira ukadondoka kutoka juu na ukadakwa, mwamuzi akamnyooshea kidole Gibson: umetolewa, jana, Pittsburgh. Mimi nimecheka peke yangu chumbani.

Grays walikuwa wanacheza baadhi ya mechi zao Forbes Field. Huo ulikuwa uwanja wa nyumbani wa Pittsburgh Pirates, timu ya ligi kuu, timu ya wazungu. Yaani mwenye uwanja alikuwa anaona. Alipokea kodi ya pango, akashuhudia mpigaji bora wa mji wake akiupeleka mpira nje ya uzio wake mwenyewe, kisha akafunga geti akaenda kulala, kwa sababu tangu miaka ya 1880 klabu zilikuwa zimekubaliana kimyakimya kwamba mtu mweusi hasajiliwi. Hapakuwa na kifungu cha sheria. Kenesaw Mountain Landis alikuwa kamishna wa mchezo huo kuanzia 1920 hadi alipofariki 1944, na katika miaka yake yote hiyo hakuna mweusi hata mmoja aliyevaa jezi ya ligi kuu. Jina lake liliendelea kuwa kwenye tuzo ya mchezaji bora mpaka lilipofutwa mwaka 2020.

Gibson alifariki tarehe 20 Januari 1947. Miaka 35. Tarehe 15 Aprili mwaka huohuo Jackie Robinson aliingia uwanjani na jezi ya Brooklyn Dodgers, mlango ukafunguka. Hesabuni wenyewe: hata miezi mitatu haikutimia. Kaburi lake, Pittsburgh, lilikaa bila jiwe la jina mpaka 1975.

Sasa turudi kwa kaka na medali yake ya marathoni.

Hoja yake ni kwamba kumbukumbu rasmi za Gibson zina zamu za kupiga zaidi kidogo ya 2,000, wakati Cobb ana zaidi ya 11,000. Msimu wa ligi za weusi ulikuwa na mechi 60 na ushee, wa ligi kuu ulikuwa na mechi 154. Mtu yeyote aliyesoma takwimu hata muhula mmoja anajua kwamba katika mechi chache wastani unaweza kupaa kama kishada. Mwezi mmoja mzuri unakubeba. Katika mechi 154 uchovu unakurudisha chini.

Hapa kaka nampa nusu ya haki yake. Ile .466 ya mwaka 1943 mimi siiweki meza moja na .406 ya Ted Williams ya mwaka 1941. Williams alicheza mechi 143 msimu ule, na hakuna aliyefikisha .400 kwenye ligi kuu tangu siku hiyo. Nikiulizwa msimu mzito wa kupiga ni upi, nitamtaja Williams na sitaona haya. Naona wanaoshangilia .466 bila kutazama idadi ya mechi wanawapa wapinzani fimbo ya bure.

Lakini wastani wa maisha yote ni habari nyingine. Misimu michache kidogo ukiijumlisha kuanzia 1930 mpaka 1946, bahati haiwezi kukaa na mtu muda wote huo. Halafu tuulizane, kwa nini msimu wao ulikuwa mfupi? Hawakuwa wamelala. Timu hizi nyingi hazikuwa na viwanja vyao, zilikodi viwanja vya wazungu siku ambazo wenyewe wako safarini. Siku zilizobaki walipanda basi na kwenda mji hadi mji kucheza na timu yoyote iliyokubali kugawana kiingilio, wakati mwingine mechi mbili au tatu kwa siku, wakila ndani ya gari kwa sababu hoteli hazikuwapokea. Mechi zile hazihesabiwi. Bamba la Gibson pale Cooperstown, alipoingizwa mwaka 1972, linasema alipiga karibu homurani 800. Kumbukumbu rasmi zinampa pungufu ya 200, kwa sababu zimechukua mechi za ligi tu. Kwa hiyo wanaosema Gibson amependelewa wakumbuke kwamba vitabu hivi vimemnyang'anya homurani kama 600 kabla ya kumpa chochote.

Na hao wanaosema msimu mfupi hauhesabiki, mbona walikuwa wanauhesabu? Mwaka 1969 iliundwa kamati ya kuamua ligi zipi za zamani ziitwe ligi kuu. Wajumbe watano, wote wazungu. Wakazipitisha ligi sita. Mojawapo ni Union Association, iliyoishi msimu mmoja tu, 1884, ikafa. Ndani yake kulikuwa na timu ya Wilmington iliyocheza mechi 18, ikafungwa 16, ikafunga virago katikati ya msimu. Hiyo ni ligi kuu! Ligi za akina Gibson hawakuzijadili kabisa. Na mwaka 2020, korona ilipokata msimu ukabaki mechi 60, DJ LeMahieu alipewa ubingwa wa kupiga kwa .364 yake na hakuna aliyesema tumwekee alama ya kuulizia pembeni.

Kaka akakaa kimya kidogo kwenye simu. Akasema, "Lakini za Cobb angalau zina uhakika."

Kaka, kaka, kaka... hapo ndipo nilipomwambia akae vizuri.

Mwaka 1910 kampuni ya magari ya Chalmers iliahidi gari kwa atakayemaliza na wastani mkubwa wa kupiga. Cobb alikuwa anaongoza, akaamua kutocheza mechi mbili za mwisho ili wastani wake usishuke. (Ujanja huo mbona tunaujua.) Aliyekuwa anamfukuzia ni Nap Lajoie wa Cleveland, mtu aliyependwa, wakati Cobb alikuwa na maadui kila mji. Siku ya mwisho Lajoie alikuwa na mechi mbili dhidi ya St. Louis Browns. Kocha wa Browns, Jack O'Connor, akamwagiza mlinzi wake wa kituo cha tatu, kijana mgeni kwenye ligi, asimame nyuma kabisa kana kwamba analinda shamba la jirani. Lajoie akawa anaugusa mpira kidogo tu unaanguka mbele, anakimbia, anafika. Akaugusa tena, akafika. Siku ile alimaliza na mapigo manane. O'Connor alifukuzwa kazi, mkuu wa ligi akamtangaza Cobb mshindi, na kampuni ya magari, kuepusha shari, ikatoa magari mawili.

Miaka ikapita. Mwaka 1981 jarida la The Sporting News likachapisha kwamba kumbukumbu za Cobb za mwaka ule zina mechi moja iliyoandikwa mara mbili. Mara mbili! Ukiiondoa, mshindi ni Lajoie. Kamishna wa wakati huo, Bowie Kuhn, akakataa kubadili. Ndiyo maana mpaka leo ukifungua kitabu kimoja Cobb ana mapigo 4,191 na ukifungua kingine ana 4,189. Hiyo ndiyo namba tuliyokuwa tunaambiwa ni mwamba.

Siwaambii haya ili nimdharau Cobb. Alikuwa fundi kwelikweli. Ninachosema ni kwamba takwimu ni kazi ya mikono ya mtu aliyekaa jukwaani na penseli, na mtu huyo anakosea, anapendelea, au hajaja kabisa. Cobb alikuwa na waandishi kila mechi na bado wakamzidishia mapigo mawili. Gibson alikuwa na nani?

Hapa ndipo habari hii iliponikamata koo, kwa sababu jibu linanihusu. Magazeti makubwa ya kila siku hayakuwa na habari na mechi za weusi. Walioziandika ni magazeti ya weusi wenyewe, mengi yakitoka mara moja kwa wiki: Pittsburgh Courier, Chicago Defender, na Afro-American la hapohapo Baltimore kwa kaka. Mwandishi alikuwa mmoja, timu nyingi, nauli haba. Mechi nyingine zilipata jedwali kamili lenye jina la kila mchezaji na mapigo yake, nyingine zikapata mstari mmoja wa matokeo, nyingine hazikupata kitu.

Miongo kadhaa baadaye watafiti wakaingia maktaba. Larry Lester wa Kansas City ametumia sehemu kubwa ya maisha yake akisoma picha za magazeti hayo kwenye filamu, jedwali baada ya jedwali. Gary Ashwill na wenzake wa Seamheads wakaziweka kumbukumbu zao kwenye intaneti kuanzia 2011. Kamati ya mwaka 2024, iliyoongozwa na mwanahistoria John Thorn, ilijenga juu ya jasho hilo, na alikadiria kwamba takribani robo tatu ya kumbukumbu za miaka ile zimepatikana. Maana yake .372 ya Gibson ni hesabu ya mechi ambazo mwandishi fulani wa gazeti dogo alijisumbua kuzitunza.

Mmoja wa waandishi wale alikuwa Wendell Smith wa Pittsburgh Courier. Akiwa kijana Detroit alikuwa mrushaji mzuri, mpaka siku moja msaka vipaji wa ligi kuu alipomwambia angependa kumsajili lakini hawezi, kwa rangi yake. Akamsajili mdakaji wake, mzungu. Smith akaamua kuwa mwandishi. Aliandika miaka yote akidai mlango ufunguliwe, na mwaka 1947 ndiye aliyesafiri na Jackie Robinson. Chama cha waandishi wa besiboli chenyewe hakikuwa na mwanachama mweusi mpaka 1948. Yaani mchezaji alifungiwa uwanjani na mwandishi wake akafungiwa jukwaani.

Nisimulie na langu, japo linaniaibisha. Mwaka jana nilitumwa kuandika mechi ya ligi ya wilaya. Jua kali, uwanja vumbi, nikafika kipindi cha pili kimeshaanza. Matokeo yalikuwa 3-1. Nikawauliza watu wa pembeni nani kafunga, kila mtu akasema lake, nami nilikuwa nawahi basi. Nikaandika kwamba timu ilishinda "kwa mabao yaliyofungwa na washambuliaji wake". Mhariri akalipunguza likawa sentensi moja, hakuniuliza kitu. Wiki iliyofuata kijana mmoja wa miaka kumi na tisa hivi alinifuata na gazeti limekunjwa mara nne. Akasema, "Shikamoo kaka. Yale mawili nilifunga mimi. Mama aliomba nimwonyeshe jina." Nilimwahidi nitarekebisha. Gazeti halichapishi masahihisho ya ligi ya wilaya. Kijana yule sijui kama bado anacheza, na nikienda leo kutafuta kumbukumbu ya mabao yake, mtu aliyeyapoteza ni mimi.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Gibson asiwe juu kwa sababu kumbukumbu zake hazijakamilika, nashindwa kumwelewa. Ana .372 katika zile zilizopatikana. Asiyekamilika si Gibson.

Kuna upinzani mwingine, na huu ndio ulionisumbua zaidi. Yule mzee mweusi wa kazini kwa kaka hakufurahi hata kidogo zilipotoka habari za 2024. Nilidhani angepika pilau. Kaka anasema mzee alitafuna mkate wake kimya, kisha akasema kwamba yeye alisikia habari za Josh kwa baba yake, na hakuhitaji waliomfungia Josh mlango waje leo kumpa cheti. Anaona ligi kuu inajisafisha mikono kwa kumpandisha marehemu.

Namheshimu mzee, na pengine kuhusu nia ya ligi kuu yuko sahihi. Lakini mzee akifa, na aliyoyasikia kwa baba yake yanaondoka naye. Ted Williams, yuleyule wa .406, alipoingizwa Cooperstown mwaka 1966 alitumia hotuba yake kuomba kwamba Satchel Paige na Josh Gibson nao wapewe nafasi, na Paige akaingia 1971, Gibson mwaka uliofuata. Williams alikuwa mzungu kwa macho ya watu, mama yake ana asili ya Meksiko, naye alijua kwamba pasipoandikwa jina hapabaki kitu. Willie Mays alifariki tarehe 18 Juni 2024, wiki chache baada ya kitabu kufunguliwa. Aliongezewa mapigo kumi aliyoyapiga akiwa kijana mdogo na Birmingham Black Barons mwaka 1948, akafikisha 3,293. Kumi ni nini kwa mtu mwenye elfu tatu? Ila yalikuwa yake.

Kuhusu timu bora, wala sitawachosha. Wanaoitaja Yankees ya 1927 wanataja timu ambayo haikuwahi kukutana na mrushaji mweusi hata mmoja kwenye ligi yake. Pittsburgh Crawfords ya katikati ya miaka ya 1930 ilikuwa na watu watano ambao leo wako Cooperstown: Gibson, Satchel Paige, Cool Papa Bell, Oscar Charleston na Judy Johnson. Nani angeshinda? Haiwezekani kujua, na aliyesababisha tusijue anajulikana. Ningepewa nauli ya kwenda kutazama mechi moja tu ambayo haikuchezwa, ningekwenda kuona Paige akimrushia Ruth mwenye miaka 32.

Msimamo wangu nimeshamwambia kaka: Gibson abaki juu, bila alama ya nyota, bila maelezo ya maandishi madogo chini ya ukurasa. Cobb abaki wa pili, na ile mechi yake ya 1910 ihesabiwe mara moja.

Kaka hakukubali. Ila siku yake ya mapumziko alikwenda maktaba ya mjini kwao akaomba filamu za Afro-American za miaka ya 1930. Akakaa saa mbili akizungusha mtambo, akapata mechi moja ya Gibson yenye jedwali kamili. Akaipiga picha kwa simu, akanitumia saa saba usiku kama kawaida yake. Wino umevimba. Mbele ya jina la Gibson, chini ya safu ya mapigo, kuna namba ambayo mimi naona ni nne na yeye anaona ni moja. Tumeikuza, tumeigeuza, tumeilinganisha na nne nyingine za ukurasa uleule. Mpaka naandika haya bado anashikilia ni moja.